Orodha ya Majina au Ufunguo?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watatu, wawili tupo Kigoma na mmoja yupo Dar es Salaam, na tunaandika kwa pamoja programu ya kutunza hesabu za wauza dagaa wa Kibirizi. Daftari la hesabu ni faili ambalo mimi peke yangu naruhusiwa kuliandika; mwenzetu wa Dar es Salaam hulisoma tu. Wiki iliyopita, alipokuwa akijaribu kipengele cha risiti, aliombwa jina la faili la kuhifadhia nakala, akaandika kwa bahati mbaya jina la daftari, na hesabu zote zikafutika. Tumekagua orodha ya ruhusa na haina kasoro. Kosa liko wapi?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, orodha yenu ni safi, na hata mngeikagua mwaka mzima msingeliona kosa. Kipengele cha risiti kina ruhusa yake chenyewe ya kuandika daftarini, kwa kuwa kila mauzo lazima yaingizwe humo. Mwenzenu alipokipa lile jina, mfumo uliuliza ni nani anayeandika, ukaona ni kipengele cha risiti, ukaruhusu, aliyekituma hakuulizwa.

Mwaka 1988 mtaalamu wa kompyuta Norm Hardy alieleza mkasa unaofanana mno na wenu, uliotokea katika kampuni ya Tymshare ya Marekani: kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi wa programu yaeleweke na kompyuta, iliyokuwa na ruhusa ya kuandika takwimu zake, ilipewa na mtumiaji jina la faili la ankara za kampuni kuwa ndipo pa kuweka matokeo, ikalifuta. Hardy aliiita naibu aliyechanganyikiwa, ingawa mimi ningesema ni tarishi aliyevaa kofia mbili, ya bosi na ya mteja, asijue anaitumia ipi.

Dawa yake ni ya zamani kuliko mkasa wenyewe. Mwaka 1966 Jack Dennis na Earl Van Horn wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walieleza kile walichokiita uwezo, ambacho kwa lugha ya ghalani ni ufunguo: huonyesha kitu na papo hapo hutoa ruhusa ya kukitumia. Mlinzi wa ghala mwenye daftari la majina humuuliza kila anayekuja yeye ni nani. Mtoto aliyetumwa na ufunguo wa stoo ya nne haulizwi chochote, lakini stoo ya tano hawezi kuifungua hata akikosea mlango.

Kwenu, basi, kipengele cha risiti kisipewe jina la faili, kipewe faili lenyewe likiwa limekwisha kufunguliwa na yule anayetaka nakala. Mwenzenu hana ufunguo wa kuandika daftarini, hivyo hana cha kukikabidhi. Kipengele chenyewe kibaki na ufunguo wa kuongeza mstari mwishoni mwa daftari tu, bila kufuta.

Kati ya Kigoma na Dar es Salaam ufunguo huwa ni namba ndefu ya nasibu isiyoweza kukisiwa, inayosafiri kwa njia iliyosimbwa, yaani isiyosomeka na mtu wa kando. E, lugha ya kuandikia programu ya mwaka 1997, ilijengwa juu ya wazo hilo. Msiitume kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu yeyote anayeishika anaweza kuitumia.

SWALI: Nikishamkabidhi mtu ufunguo wa namna hiyo, naye akaacha kazi, nitamnyang'anyaje?
Msomaji, Ipuli, Tabora

JIBU: Usimpe ufunguo wa kitu chenyewe. Weka bawabu katikati, yaani kijiprogramu kinachopokea maombi na kuyapeleka ndani, umpe mtu wako ufunguo wa bawabu huyo. Siku akiondoka unamwondoa bawabu, na ufunguo ulio mkononi mwake haufungui tena mlango wowote. David Redell alieleza mbinu hii mwaka 1974. Kila mtu awe na bawabu wake, la sivyo ukimwondoa mmoja utawafungia nje wote. Yale aliyokwisha kuyanakili kabla ya siku hiyo, bawabu hawezi kuyarudisha.