Jiwe la Joseph Smith, uzi mwekundu na Urimu ya Haruni

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Naishi Salt Lake City, Marekani. Jirani yangu Mmormoni ameniambia nabii wao alitafsiri kitabu chao, Kitabu cha Mormoni, kwa kutazama jiwe, tena akanikumbusha kwamba hata Biblia ina Urimu na Thumimu, vile vitu ambavyo kuhani alivitumia kumwuliza Mungu. Mwenzangu kazini naye amenipa uzi mwekundu wa Kabala nimfunge mwanangu mchanga mkononi, asipatwe na jicho baya. Je, vitu hivi si sawa na vile vya Biblia?

JIBU: Amina, dada yangu. Jirani yako hakukudanganya. Nabii wao, Joseph Smith, alilipata jiwe la kahawia, umbo la yai, mwaka 1822 kisima kilipokuwa kikichimbwa karibu na Palmyra, New York. Alikuwa akilitia ndani ya kofia, anainamia humo mpaka mwanga usiingie, kisha anamtajia mwandishi maneno. Kanisa lao lenyewe lilitoa picha za jiwe hilo mwaka 2015. Lakini kabla ya kitabu kuwapo, kijana huyo alikuwa akitumia jiwe kuwatafutia watu hazina zilizofukiwa, na mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu kwa ajili ya kazi hiyo. Hapo ndipo moyo wangu unapokataa. Chombo kilianza kwenye upigaji ramli, jina la Urimu na Thumimu kikapewa baadaye.

Urimu ya Biblia haikuokotwa. Mungu aliiagiza ikae kifuani mwa Haruni, kuhani mkuu, aingiapo mbele za Bwana (Kutoka 28:30). Wala haikuwa mali ya mtu kuiendesha atakavyo: Sauli aliuliza, asijibiwe kitu (1 Samweli 28:6). Na watu waliporudi kutoka Babeli, wengine wakashindwa kuthibitisha ukoo wao wa kikuhani, liwali aliwaambia wangoje mpaka asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu (Ezra 2:63). Shida yao ilikuwa ya kweli, na bado hakuna aliyekwenda kuokota mawe mengine. Waliambiwa wangoje.

Kuhusu Kabala, nakuomba usiipime kwa uzi. Ni elimu ya ndani ya Wayahudi, yenye tafakuri nzito juu ya Mungu na zile sefiroti kumi, yaani njia kumi ambazo kwazo wanasema Mungu hujidhihirisha. Kitabu chake kikuu, Zohari, kilijitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13, na Isaac Luria aliifundisha kule Safed, mji wa Galilaya, hadi kufa kwake mwaka 1572. Sikubaliani nayo, lakini siwezi kuidharau. Uzi huo mwekundu huzungushwa kwenye kaburi la Raheli, Bethlehemu, kisha hukatwa vipande na kugawiwa. Basi ujue kwamba marabi wa kale, katika Tosefta, mkusanyo wa kale wa mafundisho yao, waliuhesabu uzi mwekundu unaofungwa kidoleni kuwa miongoni mwa njia za Waamori, yaani desturi za kishirikina za mataifa. Wayahudi wenyewe walilikataa jambo hili karne nyingi kabla ya Zohari.

Labda utaniuliza, mbona leso za Paulo ziliponya? Soma sura hiyohiyo, Matendo 19, hadi mwisho. Mungu ndiye aliyetenda. Wana wa Skewa walilichukua jina la Yesu, jina lenyewe takatifu, wakalifanya maneno ya kupungia pepo, wakatoka mbio wakiwa uchi na wamejeruhiwa. Na mambo yale yalipojulikana Efeso, watu walichoma vitabu vyao vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha.

Nyoka wa shaba ndiye anayenitisha zaidi. Huyu hakutoka kwa Wakanaani. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu, na waliomtazama wakapona. Hata hivyo Israeli walipoanza kumfukizia uvumba, Hezekia alimvunja vipande vipande, na Biblia inamsifu (2 Wafalme 18:4). Ikiwa kitu alichoagiza Mungu mwenyewe kilistahili kuvunjwa, uzi wa mwenzako utausimamisha wapi? Na usidhani nawasema wageni tu. Uzi mweusi ambao bibi zetu huwafunga watoto kiunoni uko kwenye hukumu hiyohiyo.

Usimfunge mtoto uzi huo, dada. Mwenzako mshukuru kwa upole, maana alikupa kwa kumpenda mwanao, ila umwambie wazi kwa nini hutautumia. Jirani naye usimkimbie. Mkaribishe chai, mfungue pamoja Ezra 2, umuulize kwa nini wale watu waliambiwa wangoje.