Jibu: Mtoto wa mbwa anagoma mlangoni pa supamaketi

Habari dada. Nimekuelewa hivi: mbwa wako wa miezi mitano, anayelelewa ili aje kuongoza wasioona, nyumbani mtiifu, ila mkifika kwenye mlango wa supamaketi unaojifungua wenyewe analala chini, na ukimvuta ndiyo kwanza anagoma. Tena ndani ya basi anabweka.

Anza na mdomo. Mpe punje ya chakula chake palepale. Labrador, aina ya mbwa wanaopenda sana kula, akikataa kula, hofu imemzidi, na hapo hafundishiki. Rudi naye nyuma, hata katikati ya maegesho, mpaka ale. Hapo ndipo pa kuanzia. Autazame mlango ukifunguka na kufunga, umlishe, kisha mjiondokee bila kuingia. Mimi nilikuwa nakwenda asubuhi kabla toroli hazijaanza kugongana, na sinunui kitu; ukiwa na manunuzi macho hayako kwa mbwa.

Angalia na chini. Wangu wala hakuogopa mlango, bali kile chuma cha kizingiti: alikuwa anakiruka kama mfereji.

Kwa kuwa uko Marekani, ongea na meneja kwanza. Sheria ya ADA, ile ya nchi nzima ya haki za watu wenye ulemavu, inamtambua mbwa aliyekwisha kufunzwa. Aliye mafunzoni anategemea sheria za jimbo. Ngazi za umeme ziepuke kabisa, vidole hunaswa. Tumieni lifti.

Hilo la kubweka ndani ya basi sina uzoefu nalo, wangu alikuwa akilala tu. Muulize msimamizi wako wa mafunzo kabla hamjapanda tena.