Kona ya Bustani: Mbegu Imelala au Mwezi Umegoma?

Safari hii barua zenu karibu zote zinalia kilio kimoja, mbegu haioti, na lawama anabebeshwa mwezi wa angani. Zinazofanana nimeziunganisha, za matusi nimeziweka pembeni. Haya twende.

SWALI: Bibi shamba shikamoo. Nilisia karoti na saladi siku moja, mbegu mpya pakti ndo nimeifungua mwenyewe, wiki ya 3 hii karoti ndo zinachungulia mojamoja na saladi hakuna kitu kabisa. Mama mkwe kaja kuangalia kitalu akacheka, akasema nani kakwambia usie mwezi ukiwa mpevu, si ungesubiri uandame. Anasema kweli au ananionea tu?
– Mkwe mwenye kitalu kitupu

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Karoti zako hazina shida yoyote, ndo tabia yao. Mbegu ya karoti inauacha mmea mama kiinitete chake (kile kimmea kichanga cha ndani ya mbegu) kikiwa bado kidogo sana, kwa hiyo ukishaipa maji inabidi kwanza ikue humohumo ndani ya ganda ndo itoe mzizi, wiki 2 mpaka 3 ni kawaida kabisa. Kinachoziua siku hizo zote za kusubiri ni udongo wa juu kukauka hata mara moja tu, jua la mchana moja linatosha. Tandika gunia bichi au nyasi nyembamba juu ya tuta, kila siku uwe unafunua unachungulia, ukiona kijani cha kwanza toa hapohapo usingoje kesho.

Saladi ndo yenye vituko. Aina nyingi za saladi zinataka mwanga ili ziamke, ukiifukia chini sana inakaa tu inakutazama. Hili jambo lina historia nzuri, mwaka 1952 pale Beltsville Marekani watafiti kina Borthwick na Hendricks walimulika mbegu za saladi aina ya Grand Rapids kwa mwanga mwekundu zikaota, wakamulika ule mwekundu wa mbali ambao macho yetu karibu hayauoni zikagoma, wakawa wanabadilisha badilisha, mwekundu, wa mbali, mwekundu tena, na kila mara mbegu ilifuata mwanga wa mwisho kuupata. Yaani kimbegu kidogo vile kinajua kama kiko juu juani au chini ya majani ya wenzake (majani yanakula mwekundu wa kawaida yanauachia ule wa mbali upite). Sasa kingine ni joto. Udongo ukizidi nyuzi 30 hivi aina nyingi za saladi zinajifunga, na zikikaa kwenye joto hilo huku zimelowa siku kadhaa zinaweza zikaingia usingizi wa pili, hata hali ikipoa baadaye haziamki ng'o. Nahisi zako zimepatwa na hivyo viwili kwa pamoja. Sia upya jioni, mbegu iguse tu udongo uipake vumbi jepesi juu, mwagilia kwa kunyunyiza, weka kivuli cha mchana ila kisiwe giza.

Tuje kwa mama mkwe. Mwezi unazunguka kwa siku 29.5 toka kuandama mpaka kuandama tena. Umesia mwezi mpevu, karoti inachukua wiki 2 na zaidi, kwa hiyo imechungulia mwezi ukiwa mchanga, na ungesia ukiandama zingechungulia mwezi mpevu. Sasa mwezi upi ndo umeotesha, wa siku ya kusia au wa siku ya kutoka? Ila hilo swali usimuulize yeye, baki nalo mwenyewe.

SWALI: Mi kila nikipanda bamia zinaota chache, halafu zingine zinaibuka baada ya mwezi mzima nimeshasahau na nimepanda kitu kingine hapohapo. Mbegu za mlusina ndo mbaya zaidi. Nalowesha usiku kucha na bado ngumu kama zilivyokuwa. Nakosea nini?
– Mzee wa bamia

JIBU: Mzee wangu hapo hamna siri, ni ganda. Jamii ya kunde nyingi (mlusina ni mmojawao), na bamia pia, ganda lake lina safu ya seli zilizobanana mno maji hayapenyi, ndani kiinitete kizima kabisa kiko kikavu. Na haziko sawa hata zikitoka tunda moja, zingine ganda laini zingine gumu. Huo ndo ujanja wenyewe wa mmea, maana zote zikiota na mvua ya kwanza halafu mvua ikakata basi ukoo umekwisha, wakati zikigawana muda lazima wengine watakuta msimu mzuri. Mkulima anaona uzembe, mmea unaona bima.

Fanya hivi: loweka jioni, asubuhi zitenge. Zilizovimba panda siku hiyohiyo usizirudishe zikauke. Zilizobaki vilevile ndo wagumu wako, zisugue na msasa mpaka uone rangi ya ndani inaanza kutokea, au ng'ofoa kidogo sana kwa mkasi wa kucha upande wa mbali na kitovu (pale kwenye kialama ilipokuwa imeshikia ganda la tunda, pale pana kiinitete, ukikata pale umeua) kisha loweka tena. Bamia msasa unatosha. Mlusina inavumilia maji ya moto ya nyuzi 80 hivi kwa dakika 3, unamwaga unaweka ya baridi inalala humo usiku. Ila usichukue dawa ya mlusina ukaipa mbegu yoyote unayoikuta, saladi ukiitia maji ya moto unapika tu.

SWALI: Kuna mtu kaniambia mbegu za tufaha niziweke kwenye friji miezi 2 ndo zitaota. Ananitania?

JIBU: Hakutanii, ila hajamaliza maelezo. Lazima ziwe na unyevu, ndani ya mchanga au tishu mbichi, nyuzi 4 hivi, siku 60 mpaka 90, na isiwe friza. Mbegu kavu kwenye friji haiamki, inahifadhiwa tu. Tufaha ni mti wa nchi zenye majira ya baridi, tunda linaanguka kabla ya baridi na mche ukitokea wakati huo unaganda, kwa hiyo mbegu inashikiliwa na homoni inaitwa asidi ya absisiki, na baridi yenye unyevu taratibu inaidhoofisha hiyo huku inaipa nguvu nyingine inayosukuma kuota, jiberelini. Na jua kabisa mti utakaoupata hautazaa tufaha kama ulilokula, ndo maana wenzio wanaunganisha vikonyo, yaani kitawi cha mti wanaoupenda wanakipachika kwenye shina la mwingine.

SWALI: Nimekuta kopo la mbegu za marehemu shangazi, vitunguu, nyanya, matango, hayana tarehe. Nitajuaje zimekufa au zimelala tu?

JIBU: Chukua 10 za kila aina, zipange juu ya tishu iliyolowa isiwe inachuruzika, kunja, tia kwenye mfuko wa nailoni uache upenyo, weka mahali pa joto la nyuzi 25 hivi. Siku 10 zinatosha kwa hizo tatu. Zikiota 8 panda kama kawaida, zikiota 3 au 4 sia nyingi zaidi. Ambayo haikuota ibonyeze kwa ukucha, ikiwa laini imeoza inatoa uji basi imekufa, ikiwa imevimba bado ngumu na ndani nyeupe safi hiyo ndo ya kuitilia shaka kuwa imelala. Kwa hizo zako lakini usingizi sio tatizo kubwa, tatizo ni umri. Vitunguu sina matumaini navyo, mwaka mmoja au 2 kwenye joto vimeshakwisha, nyanya zinafika miaka 4 au zaidi, matango zaidi ya hapo zikitunzwa vizuri. Na kutunza vizuri maana yake ukavu na ubaridi: kila ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1 umri wake unakaribia kuongezeka mara mbili, na kila ukishusha joto nyuzi 5 hivyohivyo.

Sio zote dhaifu lakini. Mwaka 1879 huko Michigan bwana mmoja William Beal alifukia chupa 20 zenye mchanga na mbegu za magugu mchanganyiko, ili wajao wawe wanafukua mojamoja waone zipi bado hai. Ya mwaka 2021, miaka 142 baadaye, ilitoa miche, na inayofuata itafukuliwa 2040. Ninachokipenda ni kwamba wanaenda kuchimba usiku, kabla hakujapambazuka, kwa sababu mwanga wa mchana ungeweza kuziamsha kabla hazijafika maabara. Ndo sababu hiyohiyo ukilima tu shamba magugu yanachomoka kama yalikuwa yanasubiri zamu, yalikuwa yamelala gizani umeyageuza juu yakaona jua.

SWALI: Nyie wasomi mnapenda kudharau wazee. Mwezi unavuta bahari nzima inajaa inapwa, utashindwaje kuvuta vimaji vya kwenye udongo vipande juu kwenye mbegu? Wazee walipanda vya majani mwezi ukikua, vya mizizi mwezi ukipungua, na walikula wakashiba. Jibu hilo.
– Mjukuu wa mkulima

JIBU: Nalijibu, na kwa heshima, maana ni swali zuri kuliko yote ya leo.

Bahari inajaa kwa sababu ni kubwa mno, mvuto wa mwezi upande mmoja wa dunia unatofautiana kidogo na katikati yake, na huo utofauti ni kama sehemu moja kwa milioni 10 ya uzito wa kitu. Ukikusanya kwenye bahari nzima unapata maji kujaa. Ndani ya ndoo, ndani ya tuta, juu na chini ya chombo hamna tofauti ya kuonekana, ndo maana hata bwawa la kijijini halijai na kupwa. Maji ya udongo yanapandishwa na vinafasi vidogo vya udongo wenyewe na yanakaushwa na jua, hizo ndo nguvu za kuangalia.

Halafu tuseme nakubali kwamba ni mvuto. Muulize mvuvi yeyote bamvua (maji kujaa na kupwa kupita kiasi) ni lini, atakwambia mwezi ukiandama NA ukiwa mpevu, mara zote mbili, na katikati yake maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo tu. Sasa kama mbegu inafuata kile kinachovuta bahari basi mwezi mwandamo na mwezi mpevu zingekuwa siku sawa kwa kupanda, na mwezi ukikua na ukipungua pia sawa, wakati kanuni ya wazee inasema ni kinyume. Kuna na kalenda za Ulaya, zile za wafuasi wa mwanafalsafa Rudolf Steiner aliyetoa mihadhara yake ya kilimo 1924, Maria Thun akaja kuzipanga kuanzia miaka ya 1960, hizo zinaangalia mwezi umepita mbele ya kundi gani la nyota, siku ya mizizi, siku ya majani, ya maua, ya matunda. Ukiziweka pamoja na ya mwezi kukua na kupungua mara nyingi zinagombana, siku hiyohiyo huyu anasema panda huyu anasema kaa. Mwaka 2020 watafiti wa Hispania walipitia yaliyoandikwa kuhusu mwezi na mimea kwenye jarida la Agronomy, hawakukuta ushahidi wa kuaminika kwamba awamu za mwezi zinabadilisha ukuaji.

Kuna wanaosema basi ni mwanga. Mwezi mpevu kabisa unatoa lux (kipimo cha mwanga) 0.3 hivi, jua la mchana linafika lux 100,000, na mbegu iliyo juu ya udongo jua litaikuta tu asubuhi.

Lakini wazee siwadharau hata kidogo. Viumbe wanaofuata mwezi wapo, matumbawe mengi yanataga usiku chache baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo wazo lenyewe sio la kipuuzi. Na mkulima aliyekuwa hana kalenda ukutani, mwezi ndo ulikuwa unamwambia tuta liwe limeshalimwa siku fulani na mbegu ziingie zote kwa pamoja, huyo lazima amshinde anayepanda akikumbuka. Ukiutumia hivyo sina ugomvi na wewe.

Ukitaka kunishinda gawa pakti moja, nusu sia mwezi ukikua nusu ukipungua, kina kimoja, udongo mmoja, maji sawa, na kila ukisia andika joto la udongo maana wiki 2 zikipita hali ya hewa nayo inakuwa imebadilika na utaipa sifa mwezi bure. Rudia kwa miandamo kadhaa, na miche ahesabu mtu ambaye hajui tuta lipi lilipandwa lini. Niletee hilo daftari, likinipinga nalichapisha kwenye kona hiihii.