Uvimbe Juu ya Figo: Kabla ya Kisu, Pima Kotisoli

Msomaji wa Wete ameniletea ripoti ya sitiskani (picha ya CT). Alikwenda kutafuta vijiwe vya figo, akaambiwa ana uvimbe wa sentimita 2.3 kwenye tezi ya adrenali ya kushoto. Anauliza: "Nikatwe?" Mwishoni kaongeza, kama jambo dogo, kwamba sukari haishuki na dawa tatu za presha hazifui dafu.

Dada yangu, hilo dogo ndilo kubwa.

Uvimbe wa namna hii mara nyingi si saratani. Itazame ripoti: namba ya Hounsfield, yaani kipimo cha uzito wa uvimbe kwenye picha, iliyochukuliwa bila ile dawa ya kuchomwa mshipani, ikiwa 10 au chini na uvimbe una rangi moja, saratani iondoe akilini. Ikizidi 10, uchunguzi haujesha, na metanefrini (mabaki ya adrenalini mwilini) zipimwe kabla ya sindano ya kuchukua nyama au upasuaji. Uvimbe unaotoa adrenalini ukichokozwa hurusha presha hadi kuua.

Lakini hata usio saratani unaweza kumwaga kotisoli. Kwa kawaida homoni hii hupanda alfajiri na kushuka usiku. Uvimbe haujui saa. Ini linalazimishwa kutoa sukari, misuli inavunjwa, insulini haisikilizwi. Mtu anaacha boflo na urojo, na bado sukari inampanda, khasa baada ya kula. Tumbo linajaa, mapaja yanakonda. Anayeshindwa kuinuka kutoka kwenye sijda bila kuegemea mkono, na ngozi yake inavilia damu kwa kuguswa tu, asiseme ni uzee.

Kipimo chenyewe cha kotisoli ni rahisi, ila watu hukiharibu. Unameza deksamethasoni, dawa inayoinyamazisha tezi iliyo nzima, miligramu 1 saa 5 usiku, damu inatolewa saa 2 asubuhi. Soma pakiti: vya 0.5 meza viwili. Cha 4 kiache. Anayekaa Micheweni na maabara iko mbali, alale karibu nayo. Ramadhani usipime, maana usingizi umegeuka, na kotisoli hufuata usingizi.

Jibu likiwa nanomoli 50 kwa lita au chini, uvimbe haumwagi kotisoli. Likizidi, kipimo kirudiwe na ACTH, homoni ya kichwani inayoiamrisha adrenali, iangaliwe. ACTH ikiwa chini, kotisoli inatoka kwenye adrenali yenyewe. Angalia pia jibu limeandikwa kwa kizio gani. Mtu huona "5" akashukuru, kumbe ni mikrogramu kwa desilita, sawa na nanomoli 138.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha jibu kwa uongo. Daktari akikubali, viachwe wiki 6 kabla. Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa huimaliza deksamethasoni mwilini kabla haijafanya kazi. Hizo usiziache kwa shauri lako, mwambie daktari tu.

Sasa niseme kwa ukali. Kabla ya kulaumu tezi, fungua kabati. Krimu za kung'arisha zenye klobetasoli au betamethasoni, dawa za jamii ya kotisoli, na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila jina, huleta sura ile ile ya uso wa duara na sukari juu, huku kotisoli ya damu ikiwa chini kabisa. Ukigundua, usiziache zote kwa mkupuo. Tezi zimelala, ukizinyima ghafla unaanguka. Daktari akupunguzie polepole. Kila harusi inapokaribia tunayarudia haya, na kila harusi krimu zinanunuliwa.

Ikithibitika kwamba uvimbe unamwaga na sukari na presha hazishikiki, hapo zungumza na daktari wa upasuaji. Uliza mapema habari ya haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, kwani uvimbe ukishatolewa tezi ya upande wa pili huchukua miezi kuamka. Anayetumia insulini apimwe sukari mara kwa mara siku za mwanzo baada ya upasuaji na dozi ishushwe, maana ile iliyokuwa haitoshi jana leo inaweza kumzimisha. Akitapika na vidonge havikai tumboni, asisubiri asubuhi: aende spitali akachomwe haidrokotisoni miligramu 100.