Flashi ya "kantri roki 3,000": usimpe hela huyo jamaa

Usimpe! Kama hujampa muuzaji wa hiyo flashi ya nyimbo 3,000 shilingi 120,000 anazotaka, zirudishe mfukoni kwanza ndipo uendelee kusoma. Umeuliza wasanii wanaofanana na Eagles, ile bendi ya Marekani ya kantri roki (kantri iliyochanganywa na roki), kama ununue hiyo flashi, na kama kuna waimbaji wa kike. Naanza na flashi kwa sababu mimi ilishanila.

Mwaka 2019 jamaa mwenye kibanda cha kujaza nyimbo, hatua chache kutoka Old Taxi Park ya Kampala, aliniapia kwamba "vyote vinavyofanana na Eagles" anavyo. Nikamwachia diski yangu. Ndani yake kulikuwa na kaseti 14 za marehemu baba, nilizokesha wiki tatu nikizihamisha kwa redio ya kuazima. Mzee alikuwa mwanajeshi, alikaa sana Jinja, na kwetu Jumapili ilikuwa Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers. Kila kaseti ilianza na sauti yake: anakohoa kidogo, anataja tarehe na mahali alipo, kisha muziki unaingia.

Jamaa akafuta kila kitu. Hakuniuliza. "Nilikosa nafasi, bosi." Kaseti zenyewe zilikuwa zimeliwa na ukungu, na nilikuwa nimezitupa nikijua nimeokoa kilichomo. Ile sauti siisikii tena.

Na alichojaza ni nini? Wimbo mmoja umerudiwa mara nane kwa majina tofauti, waigaji wasiojulikana, mafaili yaliyoandikwa "Track 07" basi. Alinidanganya mchana kweupe, na mpaka leo namkasirikia. "Kantri roki" kwake ni karatasi ya kubandika kwenye bidhaa. Anayekuuzia muziki bila majina ya waliopiga amekufungia njia: wimbo ukikugusa, hujui umtafute nani.

Kwa hiyo shika hili moja: fuata watu. Nani kapiga, nani kaitikia, alitoka bendi gani, akaenda wapi.

Chukua hao hao Eagles. Mwaka 1971, kabla hawajaiunda, Glenn Frey na Don Henley walikuwa wakimpigia muziki mwimbaji Linda Ronstadt. Huyo ni mwimbaji wako wa kwanza wa kike. Wenzao wawili walitoka bendi nyingine: Bernie Leadon alitoka Flying Burrito Brothers, Randy Meisner alitoka Poco. Tayari una milango mitatu. Ingia kwa Burrito, albamu ya The Gilded Palace of Sin ya 1969, unawakuta Gram Parsons na Chris Hillman, wote walitoka bendi ya The Byrds baada ya albamu ya Sweetheart of the Rodeo ya 1968. Parsons alipotoa albamu zake mwenyewe aliimba na Emmylou Harris. Huyo mama msikilize ukiwa umetulia, sauti yake inapita juu ya ya Parsons bila kuifunika.

Rudi kwa Poco: Richie Furay na Jim Messina walitoka bendi ya Buffalo Springfield, alikokuwa Neil Young. Sasa fungua albamu ya Harvest ya Neil Young, 1972, wimbo wa "Heart of Gold". Wanaoitikia mwishoni ni James Taylor na Linda Ronstadt yule yule! Siku nilipogundua hilo nilisimama chumbani peke yangu nikapiga makofi. Hakuna flashi itakayokuonyesha hivyo.

Foki roki ya Uingereza (nyimbo za jadi zilizochanganywa na roki) nenda vivyo hivyo: anza na bendi ya Fairport Convention, albamu ya Liege & Lief ya 1969, kisha mfuate mwimbaji wake wa kike Sandy Denny upande wake na mpiga gita Richard Thompson upande wake.

Bando dogo na daftari vinatosha. Leo usiku anza na "Heart of Gold", utege sikio kwenye lile gita la kulaza, linalolia kama mtu anaita kutoka ng'ambo ya ziwa. Anayelipiga ni Ben Keith. Andika jina hilo, umtafute kesho. Na kama kwenye diski yako kuna sauti ya mtu yeyote wa kwenu, inakili mahali pawili leo hii, kabla hujaitoa nyumbani.