Jiwe ndani ya pua: linatambuliwaje, linatolewaje

Pole sana, ndugu uliyeuliza kuhusu pua yako iliyoziba, baada ya kuambiwa huenda ina jiwe ndani. Pua kuziba upande mmoja tu kwa miaka, ikitoa kamasi lenye usaha na harufu mbaya, si mafua ya kawaida. Mafua na mzio kwa kawaida hushika pande zote mbili. Hilo "jiwe" ulilotajiwa lipo kweli: mara nyingi kitu kidogo kilichoingia puani utotoni (shanga, mbegu, kipande cha sponji) hubaki humo kimesahaulika, na chumvi za kalsiamu na magnesiamu hujijenga juu yake taratibu.

Muone daktari wa masikio, pua na koo. Atachungulia kwa taa au kamera nyembamba, na akiligusa kwa kifaa atahisi kitu kigumu, chenye kukwaruza. Picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani tabaka kwa tabaka) huonyesha ukubwa wake na kama limeharibu ukuta wa katikati ya pua au sinasi, yaani vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Usiruke kipimo hicho ukiambiwa ukifanye, kwa sababu uvimbe, hata wa saratani, unaweza kuleta dalili hizohizo.

Tiba ni kulitoa. Antibiotiki hupunguza usaha kwa muda tu, jiwe likibaki tatizo hurudi. Dogo hutolewa kupitia tundu la pua kwa ganzi. Kubwa huvunjwavunjwa kwanza, mara nyingi mgonjwa akiwa amelazwa usingizi.

Tafadhali usilichokonoe nyumbani. Utajitoa damu, au utalisukuma ndani zaidi.