Kila Mwezi Wanakuja, Kila Mwezi Natoa

SWALI: Shikamoo Mama. Nina kibanda cha unga, maharage na mafuta ya kula, nauza kama laki tano kwa mwezi. Leseni yangu iliisha tangu Machi. Afisa mmoja alikuja akaiona, akasema tuelewane, nikampa elfu ishirini. Tangu hapo kila mwezi anapita kuchukua "ya soda". Wiki iliyopita wamekuja wengine wawili nisiowajua, nao wakataka yao. Mume wangu anasema toa yaishe. Kukata leseni naogopa, nitaulizwa miezi yote hii nilikuwa nafanyaje biashara. Na nasikia hata anayetoa anafungwa. Nifanyeje?
Mama wa kibanda, Nyanda za Juu Kusini

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ningeweza kuiandika mimi.

Nilikuwa na fremu ya vitenge Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, miaka kumi na saba. Pesa za wageni wa namna hiyo niliziandika daftarini kwa jina la "nauli", ili baba watoto asiniulize. Desemba moja nikakaa chini nyuma ya kaunta na kalamu nyekundu, nikajumlisha nauli za mwaka mzima. Milioni moja, laki moja na elfu themanini. Kwa bei ya jumla ya wakati ule hizo ni doti zaidi ya mia, na rafu yangu ya juu ilikuwa tupu tangu Septemba kwa kukosa mtaji.

Lakini kilichoniumiza zaidi hakikuandikwa daftarini. Tangu nilipoanza kutoa, nilianza na kujificha. Mzigo mpya nilikuwa nauacha kwa shoga yangu ili duka lionekane dogo. Mteja akiulizia rangi fulani namwambia hakuna, na iko mtaa wa pili, naye anakwenda kununua kwingine. Pesa yangu mwenyewe ilikuwa inalipia biashara yangu isikue. Hilo bado linanichoma.

Mumeo anasema toa yaishe. Mwambie kwa upole kwamba haiishi, na hao wawili wapya ndio wamekuonyesha. Pesa ya risiti umelipa serikali. Akija afisa yeyote unamwonyesha karatasi. Ya soda umempa mtu mmoja. Akihamishwa, au akimnong'oneza mwenzake, unaanza upya.

Tupige hesabu. Laki tano kwa mwezi ni milioni sita kwa mwaka. Katika kodi ya mapato ya wafanyabiashara wadogo, mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka hayalipiwi. Wewe uko kati ya milioni nne na saba. Bila kumbukumbu za mauzo unalipa 100,000 kwa mwaka. Ukiwa na kumbukumbu zilizonyooka unalipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni nne, yaani 60,000. Sasa soda: elfu ishirini mara kumi na mbili ni 240,000, na hao wawili bado hatujawahesabu. Ada ya leseni iko pembeni, lakini unaona mwenyewe.

Kwa hiyo leseni kwanza. Maombi ya leseni za halmashauri siku hizi yanapita mtandaoni, kwenye mfumo wa serikali uitwao Tausi. Kama simu yako ni ya kitochi, kijana wa steshenari atakujazia. Utapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki. Kama kuna adhabu ya kuchelewa, ilipe kwa njia hiyohiyo na utunze risiti. Anayekutajia namba yake ya simu umtumie pesa, hiyo pesa ni yake.

Kuhusu kufungwa sitakudanganya. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji kama mpokeaji. Ndiyo maana wengi tunanyamaza. Kwa zile ulizokwisha kutoa, zungumza kwanza na msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe. Lakini kuombwa si kosa lako. Akikuomba tena, kabla hujatoa piga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni bure. Wanaweza kuweka mtego kwa noti walizoandika namba zake, na sheria inalinda jina la mtoa taarifa.

Tena usikae peke yako na hili. Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka kulalamikia kamatakamata na rushwa, wateja wa Zambia na Congo wakisumbuliwa na mizigo yao barabarani. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Mwenye fremu moja, peke yake, nani angemjia? Kwenye mstari wenu wa vibanda, nina hakika jirani yako naye anatoa na anaona haya kusema. Anza wewe kumwambia.

Na hao wawili wakirudi kabla leseni haijatoka, usifunge mlango ukajificha ndani kama nilivyokuwa nafanya mimi. Waombe vitambulisho. Chukua daftari, andika majina yao, tarehe na saa, mbele ya macho yao. Ukurasa huo usiuchane.